Gari la Wagonjwa Linapochelewa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mtu aliyewahi kusimama nje usiku akiwa na simu mkononi, akitega sikio asikie king'ora ambacho hakikuja upesi, na kwa ajili ya kila mkazi wa jiji ambaye siku moja atakuwa katika hali hiyo. Wengi wanaouliza huamini kwamba muda hupotea barabarani, kwenye msongamano. Msongamano upo, lakini sehemu kubwa ya muda hupotea kabla gari halijaondoka na baada ya gari kufika hospitali, mahali ambapo mpiga simu hapaoni.

Ninapopiga simu ya dharura, ni nini kinachotokea kabla gari halijaondoka?

Katika miji mingi simu hupita mikononi mwa watu wawili au watatu. Wa kwanza hukuuliza iwapo unahitaji polisi, zimamoto au gari la wagonjwa. Wa pili ni mpokea simu wa huduma ya afya, ambaye hukuuliza mahali ulipo na hali ya mgonjwa. Wa tatu ni mratibu, ambaye pengine hakusikii kabisa, bali hutazama ramani na orodha ya magari na kuamua ni gari lipi liende wapi. Kila makabidhiano hula sekunde kadhaa, na siku ambayo laini zimejaa hula dakika.

Namba moja ya dharura haikuwepo tangu zamani. Novemba 1935 moto uliteketeza nyumba moja katika mtaa wa Wimpole Street, London, wanawake watano wakafariki, na jirani aliyejaribu kuwaita zimamoto kwa simu alijikuta amewekwa kwenye foleni moja na watu waliokuwa na mazungumzo ya kawaida. Malalamiko yaliyofuata yalichangia kuanzishwa kwa namba 999 jijini humo mwaka 1937. Huko Marekani simu ya kwanza ya 911 ilipigwa katika mji mdogo wa Haleyville, Alabama, Februari 1968. Naikumbusha historia hii kwa sababu tatizo lililoizaa halijaondoka: dakika iliyopotea simu ikisubiri kupokelewa hairudishwi na dereva hata awe hodari kiasi gani.

Kwa nini naulizwa maswali mengi badala ya kutumiwa gari mara moja?

Lalamiko hili ni la kila siku, nalo linatokana na kutokujua kwamba mambo mawili hufanyika kwa wakati mmoja. Mara tu mahali panapojulikana na tatizo linapoonekana kubwa, mratibu anaweza kulituma gari huku mpokea simu akiendelea kuzungumza nawe. Maswali yanayofuata hayalicheleweshi gari lililokwisha kuondoka, bali huwaambia wahudumu wabebe nini wanaposhuka, na hukuwezesha wewe kuanza kumsaidia mgonjwa. Utaratibu wa maswali yaliyoandikwa tayari ulipata sura yake mwishoni mwa miaka ya 1970 katika jiji la Salt Lake City, Marekani, ambako daktari Jeff Clawson aliandaa kadi zenye maswali ya kuuliza na maelekezo ya kumpa mpiga simu, na leo miji mingi duniani hutumia taratibu za aina hiyo.

Chukua mfano wa mazungumzo ambayo wapokea simu wanayajua mno. Binti anasema, "Baba ameanguka, haamki." Mpokea simu anauliza, "Dada, baba anapumua?" Binti anajibu, "Ndiyo, anapumua, anakoroma." Mpokea simu aliyefunzwa vyema hatulii kwa jibu hilo. Anamwambia, "Mtazame kifuani. Kila anapovuta pumzi, niambie 'sasa'." Binti anasema, "Sasa." Kisha kinafuata kimya cha sekunde nane, tisa, kumi, ndipo anaposema tena, "Sasa," na safari hii sauti inamtetemeka. Kule si kukoroma. Ni mihemo inayotokea wakati moyo umekwisha kusimama, na huwadanganya watu wengi kwa sababu kwa macho inafanana na kupumua. Mtu huyo anahitaji kukandamizwa kifua papo hapo. Maswali yale, yaliyoonekana kama usumbufu, ndiyo yaliyomtofautisha mtu aliyezirai na mtu anayekufa.

Naomba basi yajibiwe kwa ufupi na kwa utaratibu yalivyoulizwa. Kumfokea mpokea simu hakulisogezi gari hata hatua moja, tena humnyima yeye nafasi ya kukusikia.

Kwa nini jirani alifikiwa kabla yangu ilhali mimi ndiye niliyetangulia kupiga?

Foleni ya dharura hufuata uzito wa hali ya mgonjwa, wala haifuati nani aliyetangulia. Nchini Uingereza, kwa mfano, huduma za England zimekuwa zikizigawa simu katika makundi manne tangu mwaka 2017. Kundi la kwanza ni la wale ambao maisha yao yamo hatarini wakati huohuo, kama vile moyo uliosimama, na lengo lake ni kufikiwa ndani ya dakika 7 kwa wastani. Kundi la pili, lenye watu wanaoshukiwa kuwa na kiharusi au shambulio la moyo, liliwekewa lengo la wastani wa dakika 18. Desemba 2022, wakati wa mkwamo mkubwa, wastani wa kundi hilo la pili ulizidi saa moja na nusu.

Mpangilio huu ni wa haki, nami nautetea, lakini una mtu unayemsahau. Ni mzee aliyeanguka ndani ya nyumba, akavunjika nyonga, anayezungumza vizuri na kupumua vizuri. Kwa vipimo vya simu yeye anaweza kusubiri, na kila simu nzito inayoingia humsogeza nyuma. Baada ya saa kadhaa kwenye sakafu, mwili umepoa, misuli iliyobanwa imeanza kuharibika na kuzidhuru figo, na ngozi ya mgongoni imeanza kupata vidonda. Aliyeingia kwenye foleni akiwa na tatizo dogo anatoka akiwa na tatizo kubwa. Kituo makini huwapigia tena wanaosubiri muda mrefu na kuwauliza upya, na kwako wewe kanuni ni kwamba hali ikibadilika, piga tena na useme kilichobadilika.

Kama jiji lina magari, kwa nini naambiwa hakuna gari?

Hapa ndipo kwenye kiini cha matatizo mengi, kwa hiyo jibu litakuwa refu.

Gari linaweza kuwa zima, lina mafuta, lina dereva na mhudumu, na bado lisipatikane kwa sababu limesimama mlangoni mwa hospitali. Mhudumu hana ruhusa ya kumwacha mgonjwa mpaka muuguzi au daktari ampokee rasmi, na muuguzi hawezi kumpokea bila kitanda cha kumlaza. Pita usiku kwenye mlango wa kitengo cha dharura cha hospitali iliyojaa, uone ilivyo. Machela zimepangwa ukutani, kila moja ina mgonjwa na kila mgonjwa ana mhudumu wake amesimama kando, mkono mmoja umeshika chupa ya maji ya dripu kwa kuwa nguzo za kuitundikia zimekwisha. Kwenye redio begani mwake anasikika mratibu akiuliza kama kuna gari lolote lililo huru. Anaisikia sauti hiyo kila baada ya dakika chache, na hana la kujibu.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Jiji lina magari 20, kila moja hupeleka wagonjwa 5 katika zamu ya saa 12, na kila mgonjwa hucheleweshwa mlangoni dakika 30 kuliko inavyostahili. Hizo ni dakika 3,000, yaani saa 50. Ni sawa na kuyaondoa zaidi ya magari manne barabarani kwa zamu nzima, bila ajali, bila hitilafu na bila mtu yeyote kutangaza kwamba yameondolewa.

Mlango nao umeziba kwa sababu wodi zimejaa, na wodi zimejaa kwa sehemu kwa sababu wapo wagonjwa waliokwisha kupata nafuu ambao hawana wa kuwatunza nyumbani, au wanangojea karatasi za kuruhusiwa, dawa au usafiri. Kwa hiyo mtu aliyeanguka sokoni asubuhi anaweza kukosa gari kwa sababu mgonjwa mwingine asiyemjua hakuruhusiwa kutoka wodini jana jioni. Anayelaumu madereva pekee anaulaumu mkia na kumwacha mnyama.

Basi kwa nini jiji lisinunue magari zaidi?

Wakati mwingine ni lazima yanunuliwe, hasa pale ambapo mji umepanuka na vituo vimebaki palepale. Lakini gari jipya likiongezwa kwenye mlango uliokwisha kuziba, foleni ya mlangoni hurefuka tu. Tena gari moja linalofanya kazi usiku na mchana halihitaji wahudumu wawili. Linahitaji timu kadhaa za kupokezana, pamoja na za kuziba pengo la likizo na ugonjwa. Ni rahisi kukata utepe mbele ya gari kuliko kulipa mishahara ya watu hao kwa miaka kumi.

Kuna jambo lingine ambalo wapangaji wa bajeti hulipuuza. Dharura haziji kwa zamu. Huduma ambayo magari yake yote yana kazi karibu muda wote inaonekana yenye ufanisi kwenye karatasi, lakini simu tatu zikiingia kwa pamoja hakuna gari la kutuma, na muda wa kusubiri hupanda ghafla. Gari lililoegeshwa bila kazi saa sita mchana linafanya kazi yake, nayo ni kuwa tayari.

Nilieleza vizuri nilipo, mbona walipotea?

Simu ya mezani ilikuwa na anwani yake. Simu ya mkononi humwonyesha mpokea simu mnara ulioipokea, na eneo la mnara mmoja linaweza kuwa na maelfu ya watu. Miaka ya karibuni simu za kisasa zimewezeshwa kutuma zenyewe mahali zilipo kwa kutumia setilaiti na mitandao ya Wi-Fi pindi namba ya dharura inapopigwa. Uingereza ilianza kutumia teknolojia hiyo mwaka 2014. Katika Umoja wa Ulaya, aina mpya za magari madogo zinatakiwa tangu Machi 31, 2018 kuwa na kifaa kinachopiga chenyewe simu ya 112, namba ya dharura ya huko, baada ya ajali kubwa. Pale ambapo kituo cha dharura hakijaunganishwa na teknolojia ya namna hii, maneno yako ndiyo ramani.

Taja kwanza eneo, kisha barabara, kisha alama ambayo mgeni anaiona kutoka barabarani. "Karibu na ule mti mkubwa" ni alama ya mwenyeji. Kama ni ghorofa, taja jengo, mlango wa kuingilia na sakafu, kwa sababu dakika nyingi hupotea kati ya geti na chumba cha mgonjwa, hasa lifti inapokuwa mbovu au mlinzi anapokuwa hana habari. Mtume mtu asimame barabarani na tochi.

Je, kompyuta haziwezi kumaliza matatizo haya ya uratibu?

Husaidia sana, na zinaweza pia kuiangusha huduma nzima. Oktoba 26, 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London iliwasha mfumo mpya wa kompyuta wa kupangia magari. Mfumo ulitegemea kujua kila gari liko wapi na liko katika hali gani, lakini taarifa hizo hazikufika kwa usahihi. Kompyuta ikaanza kutuma magari mawili mahali pamoja, au kulichagua gari la mbali na kuliacha la karibu. Orodha ya tahadhari kwenye skrini ikarefuka kuliko uwezo wa waratibu wa kuisoma, na watu waliochoka kusubiri wakapiga simu tena, jambo lililoongeza mzigo juu ya mzigo. Siku iliyofuata ilibidi warudie kwa sehemu utaratibu wa mikono, na Novemba 4 mfumo ukasimama kabisa.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Mfumo mpya haufai kuwashwa jiji zima kwa siku moja kabla ya wafanyakazi kuuzoea, na karatasi na kalamu hazipaswi kuondolewa mezani. Mratibu anayejua kuendesha zamu kwa kalamu mtandao unapokatika ni hazina ya jiji.

Je, watu wanaopiga simu bila sababu ndio chanzo cha mkwamo?

Wanachangia, ila lawama hii hutiliwa chumvi. Simu za mzaha ni ubaya mtupu, na hakuna la kuzitetea. Nyingi kati ya simu zisizo za lazima, hata hivyo, hazina nia mbaya. Mwaka 2023 vituo vya Uingereza vilielemewa na simu zisizo na mtu anayezungumza, baada ya simu nyingi za mkononi kuwezeshwa kupiga namba ya dharura kwa kubonyeza kitufe mara tano; zilikuwa zikijipiga mifukoni. Ikikutokea hivyo, usikate. Subiri, sema ni bahati mbaya, na mpokea simu ataendelea na mwingine badala ya kuanza kukutafuta.

Wapo pia wanaopiga kwa tatizo ambalo zahanati ingelimaliza, kwa sababu ni usiku na zahanati imefungwa. Huyo hajafanya kosa. Amebisha hodi kwenye mlango pekee uliokuwa wazi. Jibu la busara ni kumpa mlango mwingine, kama Ufaransa inavyofanya kwa namba 15, ambako daktari husikiliza na kuamua iwapo mgonjwa anahitaji gari, ushauri wa simu au kliniki ya asubuhi. Usiogope kupiga kwa hofu ya kuonekana msumbufu. Aliyesita kwa adabu huku kifua kinabana amepoteza muda ambao hakuwa nao.

Nisubiri gari au nimpeleke mgonjwa mwenyewe?

Muulize mpokea simu swali hilo waziwazi, naye akuambie kwa ukweli muda unaokadiriwa. Ikiwa mtu hapumui, usimpakie garini, kwa maana hakuna anayeweza kukandamiza kifua ipasavyo kwenye kiti cha nyuma. Ikiwa ameanguka kutoka juu na unashuku shingo au mgongo, usimsogeze isipokuwa kuna hatari nyingine, kama moto. Kwa anayetokwa damu nyingi kutokana na jeraha la kisu au risasi, haraka ya kufika kwa daktari wa upasuaji ina uzito mkubwa: katika jiji la Philadelphia, Marekani, polisi wamekuwa wakiwapeleka majeruhi wa aina hiyo hospitali kwa magari yao, na utafiti uliowalinganisha na waliobebwa na magari ya wagonjwa haukuonyesha tofauti kubwa ya vifo kwa jumla kati ya makundi hayo mawili. Ukiamua kwenda, bana jeraha kwa nguvu muda wote, nenda hospitali yenye upasuaji, na ujulishe kituo ili gari lililotumwa lipewe mwingine.

Nifanye nini wakati nasubiri?

Mtu asiyeitika na asiyepumua kawaida akandamizwe katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kukoma mpaka apatikane wa kupokezana naye. Bila kukandamizwa na bila mashine ya kushtua moyo, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika, kwa hiyo hata gari la dakika 7 humkuta aliyeachwa bila msaada akiwa amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya nafasi yake. Weka simu kwenye spika, iache sakafuni karibu nawe, na umsikilize mpokea simu akikuhesabia. Mtume mwingine akalete mashine ya kushtua moyo ikiwa jengo linayo. Kwa kiharusi, kumbuka saa ambayo mgonjwa alionekana mzima kwa mara ya mwisho, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa kwa kawaida ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na daktari atauliza hilo kabla ya jambo jingine.

Kwa nini wahudumu wengi wanaacha kazi?

Zamu ya saa 12 hugeuka 14 kwa sababu ya foleni ya mlangoni. Chakula huliwa gari likitembea. Anayefika amechelewa hupokewa na familia yenye hasira, ingawa yeye binafsi aliondoka sekunde ile aliyoitwa. Mpokea simu ana mzigo wake wa pekee: humsikia mtu akifa, kisha laini hukatika, na ndani ya sekunde chache taa ya simu nyingine inawaka. Mara nyingi hajui mwisho wa habari ya yule wa kwanza. Vituo vinavyompa nafasi ya kupumzika baada ya simu nzito, na kumweleza mgonjwa aliishia wapi, vinamtendea haki, na ninaamini ndivyo vitakavyobaki na watu wenye uzoefu.

Nitajuaje kama huduma ya mji wangu inaimarika kweli?

Uliza saa inaanza kuhesabiwa lini. Huduma inayohesabu tangu gari lilipotumwa inaweza kutangaza dakika 8, ilhali mgonjwa alisubiri 40, kwa sababu simu yake ilikaa nusu saa na zaidi bila gari la kupangiwa. Saa ya kweli huanza simu inapolia kituoni na husimama mhudumu anapofika kwa mgonjwa, si gari linapofika getini. Uliza pia zaidi ya wastani, maana wastani huwaficha waliosubiri mno: omba kujua wagonjwa 9 kati ya 10 walifikiwa ndani ya muda gani, na yule wa kumi alisubiri mpaka lini. Kisha omba takwimu za muda ambao magari hukaa mlangoni mwa kila hospitali, kwa saa na kwa siku. Jiji ambalo halina takwimu hizo halijaanza kulipima tatizo lake.